Waya wa Getini na Neno "Msilaze"

KITUO CHA POLISI: MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, mtaani naitwa Bibi Kipenga
Umri: miaka 68
Kazi: kushona mashuka na kulea mjukuu
Makazi: nyumbani kwa binti yangu na mumewe

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Ninayosema nimeyaona kwa macho na kuyasikia kwa sikio la kulia, maana la kushoto lilishastaafu. Afande anaandika, mimi nasema. Nimemwomba asinipambie maneno, na aandike upesi, kwa sababu nina mgonjwa.

Mkwe wangu alinunua gari la betri. Gari hilo halina sauti, linakuja kama paka anayeenda jikoni kuiba. Mjukuu wangu ana miaka mitatu na uwanja wake wa kuchezea ni njia ya gari, kutoka getini hadi mlango wa jikoni. Mwezi uliopita gari lilimkosa kwa upana wa ndoo. Nikawaambia wenye nyumba: tafuteni kitu kitakachonipigia kengele jikoni gari likiingia, la sivyo nitalala mwenyewe kwenye hiyo njia tuone nani atapita.

Aliitwa fundi wa umeme, huyu mliyemfungia humo ndani. Alileta sensa, yaani vifaa vya kuhisi kinachopita, za aina mbili. Ya kwanza ni jicho linalofungwa ukutani. Mkwe aliipenda kwa kuwa haitaki kuchimba. Ikajaribiwa. Ililia kwa kuku, ikalia kwa paka, ikalia kwa shuka langu lililoanikwa kwenye kamba. Nilitoka jikoni mbio mpaka magoti yakalia kuliko kengele. Nikasema iondoeni, mwongo hata siku akisema kweli haaminiwi.

Ya pili ni waya unaozungushwa chini ya vitofali, nao hausikii mtu wala mnyama, unasikia chuma kikubwa. Nikamwambia fundi siamini maneno, naamini majaribio. Akautandaza kwanza juu ya vitofali vya njia, akasema, "Haya bibi, pita." Nikapita, kimya. Nikapita na sufuria kubwa kichwani, kimya. Binti yangu akacheka: "Mama, na ukali wako wote, bado hujawa gari." Kisha likaingia gari lenyewe, kengele ikalia hadi kifuniko kikanidondoka. Nikasema ndiyo hiyo, chimba.

Mnamo Jumatatu tarehe 4 fundi alichimba, akaupitisha waya upana wote wa njia, akarudishia vitofali. Alipomaliza alituita wote watatu getini. Maneno haya ndiyo yaliyonileta hapa, yaandikwe kama yalivyotoka: "Msilaze gari juu ya waya. Likikaa hapo, waya unashiba, na lingine likipita pembeni kengele hailii." Mkwe alikuwa anatazama simu. Mimi nikauliza, "Hata mtu akiingia kunywa maji tu?" Fundi akajibu, "Hata kunywa maji, bibi." Mkwe akasema, "Sawa, sawa, tumesikia."

Juzi, Alhamisi tarehe 14, saa saba mchana, mkwe alikuja kula na pikapu ya dukani. Kengele ililia, nikamshika mtoto mkono. Akaegesha pale pale juu ya waya, kwenye kivuli cha ukuta. Nikamwita kupitia dirishani, "Baba, toa gari hapo, fundi alikataza." Akanijibu, "Mama, fundi alisema tusilaze. Mimi nalaza? Nakula narudi kazini." Kwake yeye kulaza gari ni mpaka lione asubuhi. Nikasema mara ya pili, akaniambia chakula kinapoa. Nyumba ni yake, na mkwe hapigwi mwiko.

Nikamwachia mtoto mkono, nikaenda kuepua chungu. Binti yangu akarudi na lile gari la betri, akapita pembeni mwa pikapu. Kengele haikulia. Nilichosikia ni binti yangu kupiga yowe ambalo hakulipiga hata alipokuwa anajifungua. Mtoto alikuwa chini ya bampa, mguu wa kulia umevunjika. Yuko hai. Leo asubuhi amekunywa maziwa kidogo, akauliza kwa nini mguu wake umevikwa jiwe.

Jioni ile ile mkwe alikuja hapa kushtaki kwamba fundi ameweka kitu kibovu. Kibovu gani? Jana pikapu ikiwa haipo, jirani aliingia na gari kutuchukulia nguo za mtoto, kengele ikalia vizuri. Niliruka, mkono ukamtafuta mtoto ambaye hakuwepo.

Jana hiyo hiyo mkwe alinikalisha sebuleni. Akasema, "Mama, ukiulizwa, sema fundi alikataza usiku tu. Kwani kulaza si usiku?" Nikamwambia Kiswahili nilikijua kabla baba yake hajaoa. Akasema nikitoa maelezo mengine nitafute pa kuishi. Binti yangu alisikia, akatazama sakafu. Hilo limeniuma kuliko la mkwe.

Nakiri neno "msilaze" lilitoka, na fundi angeweza kutafuta bora kuliko hilo. Lakini niliuliza, akanijibu, na mkwe akaitikia. Mtu asiozee rumande kwa sababu mwingine alisikiliza nusu.

Binti yangu yuko nje kwenye benchi, amenifuata bila mumewe kujua. Tangu juzi hajaingia wodini, anazunguka kwenye korido tu. Kabla sijaingia humu nimemwambia, "Nenda kwa mwanao. Haulizi nani alishika usukani, anauliza mama yuko wapi."

Ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sikutia chumvi, sikuongeza maji.

Sahihi ya shahidi: (ametia mwenyewe kwa herufi kubwa, amekataa wino wa dole gumba)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amenisahihisha mara mbili, kisha amekubali ni yake. Nimemweleza kuwa anaweza kwenda. Ameuliza fundi anatoka lini. Nimemjibu kuwa mkuu wa kituo hana budi kuyasoma kwanza. Amesema atangoja. Benchi la nje lilikuwa tupu. Ameketi hapo na begi lake la nguo.