Zahanati Iliyosubiri Mkasi

S.L.P. 27,
Nkwantaso, Ghana.
19 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Adomako,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. U hali gani, na kile kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Hamburg? Usiache kuvaa sweta nililokufumia, hata kama wenzako wanalicheka. Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto bado lina kiburi. Mihogo imekubali mwaka huu, na fufu tunatwanga kama zamani.

Katika barua yako ya mwisho ulinichamba. Ulisema simu zimetugeuza wambea, na kwamba hakuna mkubwa aliyewahi kuwajibika kwa sababu ya kelele za mtandaoni. Sasa jibu ninalo, kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Unaikumbuka mimba ya kwanza ya mwanangu Dufie. Uchungu ulimshikia njiani kwenda hospitali ya ng'ambo ya mto, mvua ikakata barabara, na mtoto akatufia mikononi. Mwaka huu akashika mimba nyingine, na kila nilipomwona akipita na ndoo moyo ulinienda mbio. Kilichoniuma zaidi ni kwamba zahanati yetu ilikuwa imekwisha kujengwa. Vitanda vimo, muuguzi yupo, lakini mlangoni kuna kufuli, na mbele yake utepe. Eti inamsubiri waziri aje kuifungua rasmi. Tulingoja tangu Pasaka, hadi utepe ukapauka kwa jua.

Mbunge wetu, Mheshimiwa Ofosuhene, huzungumza na wananchi mubashara kwenye ukurasa wake kila Ijumaa jioni. Wanawake wa sokoni tukachangiana bando, tukajazana kibandani kwa Mansa muuza kenkey, yale madonge ya mahindi unayoyapenda. Hapo ndipo tulipojiaibisha. Unatujua watu wa kwetu, mkubwa hatupiwi jambo usoni. Mmoja akaandika, "Mheshimiwa, tunakuamkia." Mwingine, "Mungu akuzidishie miaka." Mimi mwenyewe nilimsifia joho lake. Muda ukaisha. Mheshimiwa akatushukuru kwa upendo wetu, akaaga. Tulirudi nyumbani tumemsifu mtu aliyetufungia mlango.

Ohemaa, malkia wetu, aliposikia alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nyie wajinga wangu nyie," akasema, "mkubwa anaambiwa kwa kinywa cha msemaji. Mimi msemaji ninaye, mbona mlimwacha nyumbani?"

Ijumaa iliyofuata akamtuma Mama Birago, msemaji wake. Alikuja kibandani na fimbo yake ya usemaji na kitambaa begani, kama mtu anayekwenda barazani. Simu janja hajawahi kuigusa, hivyo Mansa akamshikia. Mheshimiwa alipoiona ile fimbo kwenye kioo akamruhusu azungumze. Nakwambia, alikaa wima mwenyewe.

"Mheshimiwa, mjumbe hauawi," Mama Birago akaanza. "Ohemaa anauliza, mwenye uchungu naye asubiri mkasi?"

"Mama yangu, si unajua ratiba ya waziri jinsi ilivyo..."

"Ratiba sikutumwa, baba. Nimetumwa jibu. Nikifika nimwambie Ohemaa nini?"

Adomako, laiti ungekuwepo! Msemaji harudishwi na kinywa kitupu, na Mheshimiwa ni mtoto wa hapa hapa, analijua hilo vizuri. Angekuwa barazani angejikohoza kidogo, wazee wakamsitiri. Lakini watoto wetu wa Kumasi, wa Accra, hata wa huko Ulaya walikuwa wanamtazama, na maandishi yakimiminika chini ya uso wake: "Jibu la Ohemaa liko wapi?" "Mzee, acha kumeza mate, jibu!" Akajifuta jasho. Mwishowe akasema, "Mwambie Ohemaa, Jumatatu mlango utafunguliwa." Kabla hajaaga, kipande hicho kilikuwa kimeshasambaa kwenye simu za mji mzima. Hapakuwa tena na pa kukania.

Usidhani nimelewa simu. Vijiji vya ng'ambo ya mto havina mtandao, na wao sijui nani atawaulizia. Tena najua Mheshimiwa anaziogopa kura za mwakani kuliko anavyompenda Dufie. Haidhuru. Mtu akikupa maji kwa woga, kiu inakatika vilevile. Nawavulia kilemba waliobuni mambo haya, maana wameleta baraza hadi kibandani kwa muuza kenkey, na mkubwa hana mlango wa nyuma wa kutokea.

Jumatatu kufuli likaondolewa kweli. Utepe je? Hakuna aliyethubutu kuugusa, ule ni wa waziri! Basi tukawa tunaingia kwa kuinama chini yake, wagonjwa kwa wazima. Wiki iliyofuata, Jumanne alfajiri, Dufie akashikwa na uchungu. Alifika kwa miguu yake mwenyewe. Nikauinua utepe kwa mkono, akapita na tumbo lake. Nililia, sikufichi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimempakata mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Kwa kuwa ni wa Jumanne ni Abena, na jina la pili tumempa Birago. Wewe babu yake usilete ubishi.

Waziri amekuja juzi na mkasi wake. Sisi tulikuwa ndani, tumempeleka Abena kupimwa uzito. Nje hotuba ikanoga: "Ndugu zangu, si muda mrefu mtoto wa kwanza atazaliwa katika jengo hili!" Abena akaangua kilio, kipaza sauti kikakinasa, na mji mzima ukavunjika mbavu. Mjukuu wetu kitovu chake kilikatwa kabla ya utepe.

Nisalimie mkeo Nyarkoa na mwanao Kwabena. Dufie anakuamkia, na Mansa anasema kenkey yako ipo. Mungu akufunike na baridi hiyo, na wazee wetu waliotangulia wakushike mkono.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapobisha,

Frimpomaa