Mwongozo Mwekundu

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hali zenu huko? Sisi huku hatujambo, ila mama na goti lake lile lile. Likipoa kidogo yeye ndiye wa kwanza kulisahau na kubeba ndoo. Anakusalimu sana. Leo kaniuliza mara mbili kama nimekuandikia, nikamwambia kalamu ninayo mkononi.

Nina habari. Ile riwaya niliyokuwa naiandika tangu nianze kazi ya kushona, nimeimaliza. Cheka ukitaka. Inamhusu mwanamke anayelinda geti pale barabara inapokatiza reli, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mchana nashona kola za sare za shule, jioni nilikuwa naandika kwenye madaftari, na sasa binti wa ofisi ya chapa ameipiga yote kwa mashine, nakala moja safi.

Sasa nimekwama, sijui niipeleke kwa nani. Muuza vitabu wa hapa ana miongozo miwili ya wachapishaji, ile inayoeleza nani anachapisha nini, anapatikana wapi na anataka mswada uweje. Mmoja mnene, mwekundu, umetoka ofisini kwenu. Mwingine mwembamba, wa kijani, na huo ndio wanaouchukua wengi. Mimi nitaweza kununua mmoja tu. Najua wewe ndiwe unayeutengeneza huo mwekundu, kwa hiyo utavutia kamba upande wako, lakini niambie kweli: nichague upi, na nikishaufungua niangalie nini?

Mpwa wako,
Bi Maswali, kama ulivyonibatiza mwenyewe

19 Februari

Mpwa wangu Bi Maswali,

Marahaba. Mimi mzima, mke wangu naye mzima, ila kifua kinanibana kwa vumbi la makaratasi ya ofisini. Mwambie mama yako aachane na ndoo, goti si kitu cha kuazima kwa jirani.

Kwa hiyo na wewe umekuwa mwandishi. Siku hizi kila anayejua kushika kalamu ni mwandishi. Wasomaji ndio wameadimika. Nimecheka, kama ulivyoniruhusu.

Chukua mwekundu. Wala sivutii kamba. Wale wa kijani hawana hata mtu mmoja wa kuzunguka kwa wachapishaji kuuliza. Wanakaa wanasubiri wetu utoke, wananakili. Tulipokosea sisi na wao wanakosea pale pale. Mwaka huu tunawapeleka mahakamani, na nikikwambia ninao ushahidi wa kuwafunga midomo, amini.

Kuhusu kuchagua, sikiliza vizuri nisirudie. Tazama mwaka wa toleo kabla hujatazama jalada, maana mhariri aliyetajwa miaka mitatu iliyopita huenda leo anauza viatu. Kisha soma maelezo ya kila kampuni mpaka mwisho. Watu wanaona neno riwaya wanakimbilia posta, kumbe mstari wa chini unasema hatupokei waandishi wapya. Tafuta anayesema wazi anataka nini, anajibu baada ya muda gani, na kama anarudisha mswada. Asiyesema, mruke. Na usipeleke sehemu mbili kwa wakati mmoja, ni utovu wa adabu, na wachapishaji wanajuana. Peleka kwa mmoja, kisha utulie.

Lakini usijivimbishe kichwa. Ukoo wetu umetoa mafundi na makarani. Mwandishi hatujampata, na sijasikia mtu akilalamika.

Mjomba wako

10 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Vipi kifua? Mama anasema uchemshe maji, ujifunike shuka, uvute mvuke, na usijifanye umesoma sana kwa hilo. Yeye leo yuko vizuri, anachagua mchele huku akinisikiliza ninavyokuandikia.

Nimeuchukua mwekundu. Nausoma wakati wa chakula cha mchana, nimeufunika kwa kipande cha kitambaa ili msimamizi asiuone, na wenzangu wananiita profesa. Nimefanya ulivyosema. Nilikuwa naweka alama kwa chaki ya kukatia. Huyu anataka vitabu vya shule tu, nikamfuta. Yule hataki mtu ambaye hajawahi kuchapishwa, nikamfuta. Wengine hawasemi kama wanarudisha, nikawaruka.

Amebaki mmoja, anaitwa Mlango Wazi. Mjomba, ni kana kwamba walikaa wakaniwaza mimi: "Tunapokea riwaya za waandishi wapya, hasa za maisha ya wafanyakazi. Kila mswada husomwa hadi mwisho. Tunajibu ndani ya miezi minne. Miswada hurudishwa." Nimeyasoma kwa sauti mpaka mama ameyakariri, sasa ananiimbia akiosha vyombo.

Wana sanduku la posta huko huko mjini kwenu. Je, unawajua? Ni watu wa kuaminika? Nakala ninayo moja tu, kwa hiyo situmi mpaka unijibu. Ukisema nisubiri, nitasubiri.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko salama. Mwambie mama yako mvuke umesaidia, ila asinitangaze.

Juu ya uliloniuliza: kazi yangu ni kutengeneza mwongozo. Sipaswi kumpamba mchapishaji huyu wala kumchafua yule. Nikianza na mpwa wangu, kesho mji mzima utanipangia foleni mlangoni. Kilichoandikwa ndicho kilichoandikwa. Umechagua mwenyewe, na akili unazo.

Kesi imekaribia, sina nafasi ya kupumua. Usiniandikie tena mpaka upate jibu lao.

Mjomba wako

15 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Huku mama hajambo, mimi ndiye sijijui.

Jibu limekuja. Nakunukulia lote: "Tumeusoma mswada wako kwa makini, mwanzo hadi mwisho. Hatukuona kipaji. Tunakushauri, kwa faida yako mwenyewe, usiandike tena." Basi, hakuna zaidi. Hawakuweka hata jina la aliyesoma. Juu ya yule mwanamke wa geti hawakusema lolote, si zuri si baya.

Niliifungua bahasha kazini, nimesimama. Siku ile nilishona mikono ya mashati ndani nje, shati baada ya shati, mpaka msimamizi akanifokea mbele ya watu na wale wanaoniita profesa wakacheka. Mama anasema huenda wamekosea. Nikamwambia mama, wamesoma hadi mwisho. Wangeishia katikati ningesema hawakuelewa. Nimeumia, mjomba, naona haya hata kupita mbele ya duka la vitabu.

Wewe unawafahamu watu wa kazi hii. Wamesema kweli, au nijaribu kwa mwingine? Ukiniambia nijaribu, nitajaribu.

Mpwa wako

28 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Pole kwa yaliyokukuta, ingawa sikushangaa.

Ukweli unauma, lakini haujamuua mtu. Watu wazima wenye kazi zao wamekaa na makaratasi yako mwanzo hadi mwisho, wakakwambia bila kuzunguka. Wangapi wanapata bahati hiyo? Wengine wanapewa maneno matamu, wanazeeka wakikwaruza madaftari. Unaniuliza ujaribu kwa mwingine. Ili iweje? Usikie neno lile lile kwa mdomo mwingine?

Nakushauri kama ambavyo baba yako angekushauri, angekuwapo. Hayo madaftari yatie moto. Ukiyaficha chini ya kitanda utayarudia, kama mlevi na chupa. Kisha kaa kwenye cherehani yako. Kola nazo zinahitaji mwenye mkono, na kwa kola hakuna aliyewahi kukukataa.

Mwambie mama yako asilie. Hajafiwa.

Mjomba wako

3 Novemba

Mjomba,

Mama hajambo. Goti limetulia.

Madaftari niliyachoma kama ulivyosema. Hayakuwaka upesi, yalikuwa na majalada magumu, ikabidi nikae nayachokoa kwa kijiti. Mama alisimama mlangoni, hakunizuia. Baadaye akaniomba kitu kimoja: ile nakala ya chapa aiweke yeye, maana sikuwahi kumsomea mwisho. Mwongozo wako unasema miswada hurudishwa. Nikawaandikia Mlango Wazi, kimya. Nikawaandikia tena, kimya. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi kuja mjini kwenu. Sikukuarifu wala kufika kwako, kwa sababu niliona aibu uniulize nimefuata nini.

Nilizunguka. Wenye mitambo ya kuchapa hawawajui. Duka kubwa la vitabu halijawahi kuuza kitabu chao hata kimoja. Mwisho nikaenda posta, nikakaa kwenye benchi linalotazama masanduku, macho kwenye namba yao. Nikasema moyoni, yeyote atakayekuja kufungua nitampigia magoti anirudishie.

Ukaja wewe. Ulikuwa umevaa sweta ya kahawia aliyokufumia mama. Ulitoa ufunguo mfukoni, ukafungua, ukachukua bahasha nene kadhaa, ukazibana kwapani kama mtu aliyetoka kununua mkate, ukafunga. Ulipita karibu nami hata nikasikia unakohoa. Niliinamisha kichwa. Magoti niliyoyaandaa sikujua niyafanyie nini.

Sitaki maelezo marefu. Nataka mswada wangu. Ndio peke yake uliobaki.

Mpwa wako

20 Novemba

Mpwa wangu,

Barua yako haina shikamoo. Nimeliona, na mama yako nitamweleza jinsi alivyokulea.

Umekaa posta kunivizia kama mgambo. Haya, umeona. Mlango Wazi haipo na haijawahi kuwapo. Niliibuni mimi. Mwongozo wetu lazima uwe na kampuni moja ya uongo, yenye sanduku la kweli, ufunguo ninao mimi. Mwizi akinakili, ananakili na hiyo, na mbele ya hakimu hana pa kujificha. Wale wa kijani waliibeba neno kwa neno. Mwezi uliopita tumeshinda kesi, kama hilo linakuhusu. Uliponiuliza ilikuwa bado. Ningekwambia wewe, wewe ungemwambia mama yako, na akijua mama yako, jirani ameshajua. Nikapima, nikaona bora ninyamaze. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Lile jibu nalo usilibebe kama kidonda chako peke yako. Wote wanapata hilo hilo. Mwanzoni niliandika la upole, watu wakachangamka wakatuma riwaya ya pili. Nikaliandika upya kwa ukali, wakakoma. Kazi yako sikuisoma hata ukurasa mmoja. Sina macho ya kusomea kila kinacholetwa na upepo. Kwa hiyo kama kipaji unacho au huna, mimi sijui, na wewe hujui, mambo yamerudi yalipokuwa. Sioni ulichopoteza.

Mswada wenyewe sijui uko wapi. Karatasi zikiingia ofisini kwetu hazikai mahali pamoja, usinisumbue nao. Kama kweli ni mwandishi, andika mwingine.

Mjomba wako

1 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua hakikubani. Huku goti la mama halijambo. Nimemsomea barua yako yote, sikuruka neno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nikusalimu, na kwamba hii ndiyo salamu yake ya mwisho kwako.

Nilipomaliza kumsomea niliigeuza karatasi. Upande wa pili umepigwa chapa. Ni ukurasa wa themanini na saba wa riwaya yangu. Ni pale mwanamke ameshusha geti, treni bado haijaonekana, na mtu wa upande wa pili anampigia kelele amfungulie, anamtukania mpaka marehemu mumewe, naye hafungui. Nilikuwa nimesahau nilivyoyapanga maneno yale. Mama aliniomba nirudie, nikarudia. Akauliza kisha ikawaje, nikashindwa kumsimulia, maana nikisimulia kwa mdomo si yenyewe.

Basi nimeelewa ofisi yenu inavyobana matumizi: karatasi ikiwa na upande mmoja mweupe, haitupwi. Ukurasa wa themanini na sita sijui umemwandikia nani, na kurasa za kabla yake sitauliza.

Sina ugomvi nawe tena, mjomba. Nakuomba kitu kimoja tu. Niandikie. Niandikie kila wiki. Nitukane, nisimange, nisimulie kesi yako tangu siku ya kwanza, jaza karatasi nyingi uwezavyo, ila usibadilishe rundo unalochukulia.

Nasubiri ukurasa wa themanini na nane.

Mpwa wako