Mstari Mmoja wa Penseli

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nimesikia kikohozi kimekuachia, nikashukuru. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi hutangaza mvua kabla ya redio. Shemeji yako anakusalimu na kuuliza kama unakula, au bado unakunywa chai na kuiita chakula.

Karakana ya Baba iko vilevile. Tangu tumzike, huu mwaka wa pili, randa yake ya kulainishia mbao inaning'inia juu ya dirisha, nami huipita kwa adabu kana kwamba bado ameishika.

Kanisani tumeanza darasa la Biblia kila Alhamisi, na mwinjilisti anafundisha habari za hukumu ya mwisho. Mimi hukaa karibu na mlango, pale wanapokaa wanaopenda kusikia bila kuulizwa. Wiki iliyopita dereva wa lori aliuliza swali nililokuwa nalo siku nyingi: ikiwa Mungu anajua kila kitu, hukumu ya nini? Si atugawe tu, kila mtu aende zake? Mwinjilisti akafunua kurasa huku na huku hadi nikamwonea huruma. Akasema ni kwa ajili ya haki, kisha akasema ni kwa ajili ya utukufu, kisha akakohoa.

Ndipo Mama Mfuaji akaomba kusema. Unamkumbuka: ndiye aliyeanguka siku benchi la kwaya tulilolitengeneza sisi lilipovunjika, akaumia nyonga, na hadi leo anachechemea. Alisema Mungu anajua, sawa, lakini sisi hatujui. Alisema amekusamehe wewe miaka kumi na tisa, kila anapopanda ngazi, lakini uliondoka bila neno, na mwenye kosa kwa kawaida huwa na la kusema. Kwa hiyo anaitaka siku ile, asikie kama msamaha wake ulifika kwa mwenyewe. Dereva akamwambia amefundisha kumshinda mwinjilisti, watu wakacheka. Mimi nilikuwa nikivitazama viatu vyangu, ambavyo havikuwa na jipya.

Mdogo wangu, mguu ule wa benchi ulikuwa wangu. Unakumbuka Baba alitufundisha kuweka alama ya penseli ndani ya kila kiungo, wewe mistari miwili, mimi mmoja. Ulimi wa mguu, ule unaochomekwa kwenye tundu la kiungo, niliukata mfupi, nikaziba pengo kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga msasa ukapendeza. Benchi lilipovunjika nilifika wa kwanza, nikauona mstari wangu, nikaufuta kwa mate na kidole gumba. Baba akakuta ubao usio na alama, akautazama mkono wako wa kushoto, ule unaofanyia kazi, akasema haukuumbwa kwa useremala. Wewe ukanitazama mimi. Nami nikainama kuokota vipande, kama mtu mwenye bidii.

Baada ya darasa nilimsindikiza Mama Mfuaji nikamweleza. Aliketi kwenye ngazi za duka akauliza, yaani miaka yote amekuwa akiutuma msamaha wake kwenye anwani isiyo sahihi? Nikasema ndiyo. Akasema basi ataanza upya, ila nisimharakishe, maana msamaha wa kwangu mimi unaanza leo.

Jumapili nikasimama nikasema mbele ya wote. Wote isipokuwa Baba. Alikufa akiamini ni mkono wako, na hapo sina karakana ya kurekebishia. Zamani niliiogopa siku ya hukumu kwa sababu ya moto. Sasa naogopa macho yake, na bado naitaka ifike, kwa kuwa ndipo mahali pekee palipobaki ambapo Baba atasikia. Nitasema kabla sijaulizwa.

Usijilazimishe kunijibu. Wasalimie watoto, waambie baba yao alikuwa fundi mzuri kunishinda.

Randa nimeishusha. Imo ndani ya kifurushi hiki, nimeinoa, na kishikio nimekigeuza kifae mkono wa kushoto.

Ni mimi kaka yako,
wa mstari mmoja.