Kisanduku Chini ya Kitanda

Chicago, 4 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mjukuu wako Tess ana mafua. Goti lako vipi?

Nitasema wazi, usinune. Krismasi simleti Tess kama bastola ya marehemu Baba bado imo humo nyumbani. Siku hizi anafungua kila droo. Muuzie mtu.

Mwanao,
Wendell

Montana, 15 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalia theluji ikikaribia. Mpe Tess supu ya kuku.

Droo gani? Kwani tulikulea na bastola kwenye droo wewe? Tangu ujifunze kutambaa, bastola ilikaa kwenye kisanduku cha chuma chini ya kitanda, kimefungwa kwa boliti sakafuni. Hufungui bila namba, na namba tulikuwa nazo mimi na Baba yako tu. Polisi wakiitwa huku wanafika chai imeshapoa, kwa hiyo kila Jumamosi Baba yako alitoa risasi zote, nami nakifungua nimefumba macho, mpaka vidole vikazoea.

Ila usihangaike. Kisanduku ni kitupu. Jioni ile tuliporudi kutoka makaburini kumzika Baba yako, nilimpigia jirani yetu Orrin, nikamwambia njoo uichukue, ukae nayo. Nyumba ilikuwa kimya mno, Wendell, na sikujiamini kubaki nayo. Huku mtu akifiwa hufanya hivyo, na anayepokea haulizi kitu.

Mama yako

Chicago, 24 Novemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, nikashindwa kukaa.

Mimi nilikuwa nabishana nawe kuhusu droo, kumbe ulikuwa unapigania uhai wako peke yako. Miaka yote nilidhani bastola ni ukaidi wenu tu. Sikujua mna adabu kiasi hicho nayo. Nakuvulia kofia, Mama. Krismasi tunakuja wote, na nitakupigia kila jioni, upende usipende.

Mwanao,
Wendell

Montana, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti limetulia, ng'ombe wanazaa, na simu zako zinanikuta nikila. Piga baadaye kidogo.

Jana nilienda kwa Orrin. Sijamaliza kusalimia, akaniuliza, "Unalala?"

Nikamwambia nalala, na nakula, na nimepanda viazi.

Akanitazama sana, kisha akaileta mezani, imefunguliwa, haina risasi, nione mwenyewe. Kaisafisha kuliko alivyoisafisha Baba yako, Mungu anisamehe. Mkewe akatukatia pai.

Imerudi kwenye kisanduku na namba nimebadilisha. Leo Jumamosi nimefumba macho, vidole bado vinakumbuka.

Pasaka mleteni Tess. Nipo.

Mama yako