Mshale wa Baba

Bombolulu,
Jumapili jioni.

Kaka Charo,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi Lavender na kwa watoto hapo Mikindani. Natumai mu wazima, na ile presha yako imetulia tangu mazishi. Mimi ni mzima wa mwili, mengine tumwachie Mungu.

Watu wa kanisa wangali wanakuja kunipa pole, na wanakusifu. Wanasema hawajaona mwana aliyemlilia babake vile, mpaka ukataka kurukia kaburini ukashikwa na wanaume watatu. Hata mimi nilishangaa. Miaka minne Baba amekaa kwangu, akisahau mpaka choo kilipo, nawe ulikuja mara mbili, zote Krismasi. Nilipokuomba umchukue japo mwezi mmoja, ulinijibu kuwa nyumba ni ndogo, na wifi akaongeza kuwa harufu ya mkojo humletea pumu. Haya. Nyumba ndogo ya vyumba vinne.

Siku ile ya mazishi uliniuliza Baba alikipata wapi kile kifaa cha GPS ulichoomba ukaondoka nacho kama ukumbusho. Alipewa na Maxwell, anayewaongoza wazee wa kanisa kwenye matembezi ya Jumamosi. Maxwell aliitia nyumba yangu humo kwa jina la Nyumbani, akamfundisha Baba kubonyeza hapo na kuufuata mshale. Akatuonya siku ileile kuwa mshale huelekea moja kwa moja, haujui ukuta wala maji, kwa hivyo mtu atumie na macho yake.

Basi Baba alitembea, we! Asubuhi anatoka na kofia yake, anafika Nguu Tatu, siku nyingine Shanzu, na ugali ukiiva yuko mlangoni anacheka, ananionyesha mshale. Jina langu alilisahau kabisa, mshale hakuusahau.

Na jina lako pia hakulisahau. Kutwa ni Charo. Charo yuko wapi, Charo amekula? Siku moja kabla hajafa, nikimwosha miguu uani, aliwaambia majirani kuwa mimi ni mfanyakazi niliyeletwa na mwanawe Charo, na kwamba uvivu wangu ukizidi atamwambia Charo anifukuze. Majirani walicheka, nami nikacheka nao. Wallahi, moyo uliniungua.

Sasa nikwambie nisilomwambia mchungaji. Jioni ile nilikichukua kifaa, nikaifuta nyumba yangu, nikatia yako kwa jina lilelile. Namba za mahali ilipo nilizitoa kwenye ramani ya simu. Nilitaka umkute getini amejikojolea, wifi akunje mikono ya gauni amwoshe, mjue nalala vipi na naamka vipi. Nilijiambia atafuata barabara, atavuka daraja la Nyali, watu watamsaidia njiani.

Kesho yake alitoka saa tatu asubuhi. Kwenye saa nne, nikichambua mchicha, nikakumbuka onyo la Maxwell, na nikakumbuka kuwa kati ya kwangu na kwako kuna hori la Tudor, mkono mzima wa bahari. Bodaboda zilikuwa pale nje, tatu, zinangoja abiria. Nilimimina chai. Nyumba ilikuwa kimya, Charo, mara ya kwanza kwa miaka minne hakuna aliyeniita jina la mtu mwingine. Nikainywa ikaisha, nikajimiminia nyingine.

Walimtoa kwenye matope ya mikoko kule Junda, maji yalipokupwa. Kifaa kilikuwa mkononi, wakamkunjua vidole mmoja mmoja. Kila mtu anauliza mzee alifuata nini huko. Alikuwa anakuja kwako.

Ukitaka kwenda polisi, nenda, mimi sina pa kukimbilia. Ila watakuuliza kwa nini mzee wa miaka sabini na nane hakuijua njia ya kwa mwanawe, nawe utawajibu.

Kile kifaa hakiingii maji, bado ni kizima. Nimekutilia betri mpya mbili kwenye bahasha hii. Kaa sebuleni kwako, kiwashe, ubonyeze Nyumbani. Kitakwambia umefika.

Nisalimie watoto, na wifi umwambie pole ya pumu.

Ni mimi dadako,
Kanze Gona