Nguo za Watu Watano Kambani

Nyumba yangu imeshinda! Katika nyumba zote za kijiji chetu cha Spurrell Arm, kuanzia gati la wavuvi wa kaa mpaka huku kwangu mwisho wa barabara, hakuna iliyotumia umeme kidogo majira haya ya joto kuliko ya kwangu, mita wamezisoma watu wa baraza wenyewe, na bamba la mbao lenye jina langu linachongwa sasa hivi ninavyoandika.

Mpendwa mshauri wa gazeti letu, mama Loretta, hujambo, samahani mdomo umetangulia salamu. Naomba unisaidie, maana ushindi huo huo ndio unaoninyima raha. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, na kama ni mmoja basi ni huyo: Bernadine wangu yuko mbali huko migodini Alberta, anaendesha lori ambalo gurudumu lake peke yake linampita mwanamume mrefu kwa kimo, kuna wanaume walilijaribu wakashuka wanatetemeka, yeye analirudisha nyuma huku anakunywa chai. Ana mume, Darryl, mpole, si mbaya, na watoto wawili, Keegan na Shaelyn, waliojifunza kutembea kwenye sakafu ya jiko langu kabla hawajahamia huko wote. Shule sikusoma sana, niliacha nikaenda kukata samaki kiwandani, kwa hiyo ukiona narukaruka nifuate tu polepole.

Habari ya kubana umeme sikufundishwa na mtu. Maji ya chai nachemsha ya kikombe ninachokunywa, yakizidi yanaingia kwenye chupa yanangoja kikombe cha pili. Mkate naoka mara moja kwa wiki, na tanuri langu haliwaki kwa kitu kimoja, linapata mkate, maharage na pudingi kwa moto ule ule, halafu nalizima kabla mkate haujaiva sawasawa na joto lililobaki linamalizia kazi, hiyo sijaona mwingine akiifanya. Chini ya mlango nimelaza soksi ndefu ya marehemu mume wangu Cyril niliyoijaza mchanga, upepo wa baharini ukija unamkuta Cyril mlangoni. Mapazia ya upande wa jua nayafungua asubuhi na kuyafunga jua linapoondoka, vyumba vya juu nimevifunga, friza kubwa nimeichomoa, televisheni haibaki na kile kijitaa chekundu kinachokodoa macho bure. Nguo nafua kwa maji baridi, na mashine ya kukaushia sijawahi kuwa nayo, ya nini, Mungu ametupa upepo unaokausha blanketi kabla hujamaliza kuvua gambuti.

Sasa hapo kwenye nguo ndipo penye shida yangu.

Huku kwetu, mama, kila mtu anaisoma kamba ya mwenzake. Jumatatu watu wakianika, anayepita anajua nani mgonjwa, nani kapata mjukuu, mume wa nani karudi toka baharini. Na majira ya joto, watoto waliokwenda Alberta wanapokuja nyumbani, kamba zinajaa taulo na bukta mpaka zinagusa nyasi, na mwanamke anasimama kwenye ngazi zake anajidai. Mwaka jana Bernadine alipiga simu akasema, “Zamu zimebana, mama, labda mwakani.” Nikamwambia sawa, mwanangu, kazi ni kazi. Nikaenda kuanika gauni langu moja na aproni mbili katikati ya kamba za watu zilizojaa, nikarudi ndani nikafungua droo walimoacha nguo za likizo, nikaona zinanuka unyevu, nikazifua. Ni hivyo tu, nilizifua kwa sababu zinanuka. Nikaanika bukta za Keegan, fulana ya Shaelyn yenye nyota, ovaroli la Darryl, jinzi za Bernadine, upepo ukaziingia zikavimba kama kuna watu ndani yake, na mimi nikasimama pale na vibanio mdomoni nikizitazama.

Ndipo Gertie Pardy, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, akapaza sauti kutoka kwake, “We Mena! Naona nyumba imejaa!”

Nikatoa vibanio mdomoni niseme hapana, nikasikia nasema, “Imejaa, mwenzangu! Hata pa kukanyaga hakuna!”

“Haya, furahini! Tusiwasumbue!”

Jumatatu iliyofuata ningefanyaje, nirudie gauni moja? Nikazifua tena, nazo zilikuwa safi, hakuna aliyezivaa. Na mwaka huu Bernadine akasema zamu tena, nikasema sawa tena, nikaifungua ile droo tena.

Kumbe baraza la mji wameanzisha shindano la nyumba inayobana umeme, wanasoma mita ya Julai na Agosti halafu wanagawa kwa idadi ya watu waliomo. Akaja Roland Fudge wa baraza na kikokotoo chake, akasimama kwenye uzio.

“Mama Mena, mko wangapi majira haya?”

“Roland, macho unayo, kamba ile pale.”

Akahesabu kwa kidole. “Watoto wawili, bwana na bibi, na wewe. Watano.”

“Utakunywa chai?” nikamwuliza.

Mimi sikusema watano, mama Loretta, yeye ndiye aliyesema watano, mimi nilisema chai. Sasa umeme wa mwanamke mmoja anayeishi jikoni ukigawanywa kwa watu watano, ningeshindwaje?

Na aliyeshika nafasi ya pili ni Gertie. Yeye wako watano kweli kweli, yeye, mzee Ambrose, binti yao na wajukuu wawili waliokuja likizo, majira yote aliwazimia taa nyuma yao na kuwafukuza kwenye televisheni waende ufukweni, nilikuwa namsikia. Walipotangaza pale ukumbini alipiga makofi kuliko wote. Kesho yake nikakuta kwenye ngazi sahani ya samaki wa chumvi na viazi, imefunikwa kitambaa chake. Sahani moja! Nyumba ya watu watano, sahani moja! Nikasema Gertie una kinyongo, umekuwa bahili uzeeni. Niliila yote, ilikuwa tamu, lakini iliniuma.

Maana usione najisifu, ukweli ni kwamba tangu kamba ijae hakuna anayeingia kwangu, hata nguo ziliporudi drooni mazoea hayakurudi. Zamani mlango wangu wa nyuma ulikuwa haupumziki, huku hatubishi hodi, anayebisha ni mgeni au mtu wa serikali. Sasa wanapita wanapunga mkono, wanasema tumwache Mena na watu wake. Nikiwasikia wanacheka barabarani nazima redio niwasikie vizuri.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba baraza linakuja kwangu na bamba, na mtu wa gazeti, na kila mwenye miguu, waone jinsi ninavyofanya na kupiga picha familia nzima iliyoshinda. Naweza kusema wamesharudi Alberta, shule zimefunguliwa, nani atabisha? Lakini Gertie atakuwa amesimama hapo jikoni kwangu anitazame nikipokea kilicho chake. Na nikisema kweli nitakuwa mwanamke aliyemuibia jirani yake kwa bukta za watoto, na baada ya hapo hata wa kunipungia mkono atakosekana. Niambie nifanye nini. Majina nimeyabadilisha, langu lifiche pia, lakini ushindi usiufiche.

Mama Bernadine,
Mwisho wa Barabara

*

Mama Bernadine,

Hongera kwa soksi ya Cyril. Nilipofika hapo niliinuka nikaenda kupapasa chini ya mlango wangu, na sitasema nilichokuta.

Majina umebadilisha, sawa, lakini kwa habari za lori lile hakuna mtu pwani yote asiyekujua, na gazeti hili linafika kwenu Alhamisi. Kwa hiyo usinisome mara mbili. Nisome mara moja, uvae viatu.

Umesema uongo, mama. Roland hakuusema, umeusema wewe. Ukimpa mtu kamba ahesabu na chai ya kuishushia, umemwambia watano. Na wewe unayejua kuzima tanuri kabla mkate haujaiva, umefua nguo safi majira mawili, maji, sabuni na umeme, za watu ambao hawakuzitia jasho. Hiyo ndiyo nyumba isiyopoteza? Ona haya kidogo. Basi, imetosha, hilo sitakusema tena.

Sasa ile sahani. Wewe umeona ubahili. Mimi nimelea watoto sita na najua kupakua, na mwanamke mwenye watu watano mezani anajua pia. Angeamini una mwanamume wa kazi nzito na watoto wawili humo ndani, angekuletea sufuria. Gertie amekuletea chakula cha watu waliomo. Yeye anaisoma kamba yako kila Jumatatu, ameona fulana ya nyota ni ile ile na saizi ni ile ile, huku wajukuu zake nguo za mwaka jana haziwapiti mabegani. Anajua, mama. Alijua alipokuwa anapiga makofi. Amekaa kimya asikuaibishe, na hajaingia kwa sababu ulimwambia kwa mdomo wako kwamba hakuna pa kukanyaga. Miaka miwili ninyi wawili mnatazamana ng'ambo ya barabara, kila mmoja anangoja mwenzake. Nilipofika kwenye ile redio unayoizima, niliweka barua chini kidogo.

Na Bernadine. Nimetafuta katika barua yako yote mahali ulipomwambia njoo, sikupaona. Nimekuta sawa, na nimekuta sawa tena. Mtoto anayeambiwa sawa anaamini ni sawa, hasa akiwa na mama anayemsifu kila anapofungua mdomo. Mpigie. Habari ya bamba iache. Mwambie ulianika nguo zao. Huenda hataweza kuja hata mwakani, hilo siwezi kukuahidi, lakini asibaki akidhani nyumba ya mama yake imejaa.

Haya, kazi. Leo hii vuka barabara, na usibishe hodi. Rudisha sahani ya Gertie, na usiirudishe tupu, weka mkate wako juu yake. Sema, “Gertie, niko peke yangu, na bamba ni lako.” Usiongeze habari ya lori. Akikutukana mbele ya Ambrose, vumilia, una deni la matusi machache. Akikuvutia kiti, kaa. Ukitoka hapo nenda kwa Roland umwambie achukue kikokotoo chake akaanze upya, na kama jina limeshachongwa, mbao ina upande wa pili.

Nguo za watoto zikunje, umpelekee Gertie, wajukuu zake wakija tena wazichakaze kwa kucheza. Nguo inayovaliwa na mtoto wa pili imepata kazi kuliko inayopepea bure. Fulana ya nyota baki nayo, mimi si jiwe. Na Jumatatu anika gauni lako na aproni zako mbili, basi. Iache kamba ionekane ilivyo. Pwani yenu wanasoma, umesema mwenyewe, nao wakiona gauni moja watajua pa kuingia.

Lakini shughuli usiiahirishe, nakukataza. Bamba si lako, ila ujuzi ni wako. Hiyo ya tanuri ni wanawake wangapi hapa hawaijui, na maji ya kikombe kimoja, na mapazia, na maji baridi? Utawafundisha wewe, hapo hapo jikoni kwako, na Gertie atakaa karibu na meza ameshika bamba lake akikukatiza, na utamwacha akukatize. Wapikie chungu kimoja kikubwa: nyama ya chumvi, kabichi, karoti, viazi, na njegere kavu ndani ya mfuko wake wa kitambaa humo humo, moto mmoja. Chungu hicho kwa mtu mmoja ni upotevu, nami nadhani ndiyo maana hujakipika siku nyingi. Kwa watu ishirini hutaona ubanaji ulio bora kuliko huo. Kila mtu aje na kikombe chake na kijiko chake. Hita usiiguse, jikoni pakijaa watu hamtaihitaji. Soksi ya Cyril tu uisogeze pembeni siku hiyo, mlango ufunguke vizuri.

Mimi pia nitakuja, nina maswali kuhusu mchanga. Na ninyi wengine wa huko mnaosoma ukurasa huu na mmeshajua ni nani, msijifanye hamjui: jikoni kwa Mama Bernadine, mwisho wa barabara, mlango wa nyuma, bila hodi, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa sita mchana.