Sehemu Isiyofutika

Wewe dada, acha unachofanya! Mapepe wetu wa chumba cha seva kajimaliza.

Bosi alimwambia aongeze sehemu mpya kwenye orodha kuu ya watumiaji, ya kuonyesha nani ana ruhusa ya kuendesha seva akiwa mbali. Yeye akaipa jina la majaribio: RuhusaYaKibogoyo. Kibogoyo ndivyo tunavyomwita bosi akigeuka, dada. BOSI!

Akabonyeza "Kubali". Kumbe orodha ile, sehemu ukishaiongeza haifutiki. Haifutiki milele!

Bosi huyo, yuko mgongoni kwake, anasoma kwa sauti. "Kibogoyo ndiye nani?"

Mapepe, macho makavu: "Ni mimi, mzee."

Eti MIMI!

Bosi akacheka mpaka mapengo yote tukayaona. "Basi jina lisipotee bure."

Mapepe ameshachapiwa kitambulisho kipya: KIBOGOYO. Na meno anayo yote thelathini na mawili.